Nyumba ya chuma iliyovikwa kioo

Nilikuwa ninamsaidia bibi mmoja jirani yangu, hapa Columbus katika jimbo la Ohio, kushusha mifuko ya chumvi ya kumwaga kwenye theluji, nilipouegemea ukuta wa nyumba yake ili nisiteleze. Ukuta ulikuwa na ubaridi ambao tofali halina wala mbao haina, tena ulikuwa laini mno, umegawanyika katika miraba mikubwa ya rangi ya buluu ya maji, kila mraba ukiwa na upana wa futi mbili hivi. Karibu na mlango, mahali palipogongwa na kitu miaka mingi iliyopita, rangi ilikuwa imebanduka kipande kama ukucha. Katikati palikuwa na doa jeusi, kando yake kutu, na kingo za ile buluu zilikuwa zimekatika kwa ukali kama gamba la yai lililovunjwa. Nililitambua doa lile papo hapo. Ni lile lile lililokuwa kwenye kikombe cha bati nilichonywea chai utoto wangu wote kule Tanga, kikombe cheupe chenye ukingo wa buluu, ambacho kila kilipoanguka sakafuni mama alikiokota na kukigeuzageuza mwangani kutafuta palipobanduka, maana alijua kwamba kutu ingeanzia hapo.

Nilimweleza bibi jambo hilo, naye akanikaribisha ndani. Alichomoa sumaku iliyokuwa imeshikilia kalenda kwenye ukuta wa sebule, akanipa, akaniambia niiweke popote nipendapo. Niliiweka ukutani, kwenye mlango wa kabati, ndani ya bafu, kisha nikapanda kwenye kigoda nikaiweka darini. Kote ilinata. Katika nyumba ile hapakuwa na tundu hata moja la msumari, na picha za wajukuu wake zilikuwa zimening'inizwa kwa sumaku chumba kizima.

Nyumba za aina hiyo huitwa Lustron, kwa jina la kampuni iliyozitengeneza papa hapa Columbus kuanzia mwaka 1948 hadi 1950. Zilitoka takriban 2,500 tu, kisha kampuni ikafilisiwa. Tangu siku ile ya theluji nimezitafuta kila ninaposafiri, katika Ohio na katika miji midogo ya Indiana na Illinois, na sasa huwa ninazitambua kutoka barabarani kwa mng'ao wake kabla sijaona umbo lake. Watu wengi ninaowasimulia hudhani kwamba nyumba ya chuma, iliyosimama zaidi ya miaka sabini kwenye mvua na theluji, lazima iwe imekwisha kuliwa na kutu. Kutu haikuzimaliza. Kinachozimaliza ni thamani ya viwanja vilivyo chini yake, na ndiyo maana naona kazi ya kuzihifadhi imeeleweka vibaya kwa muda mrefu.

Zilikotoka panahitaji maelezo. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, mamilioni ya askari wa Marekani walirudi nyumbani, wakaoa, wakaanza kuzaa, na hawakuwa na pa kukaa. Ujenzi ulikuwa umedorora tangu uchumi uporomoke katika miaka ya 1930, halafu vita vikaja kuchukua mbao, chuma na mafundi. Familia zilibanana kwa wazazi, au ziliishi kwenye matrela na katika yale mabanda ya mabati ya jeshi yenye umbo la pipa lililopasuliwa katikati. Rais Harry Truman alimpa Wilson Wyatt, aliyekuwa meya wa Louisville, jukumu la kuharakisha ujenzi, na mpango wake ukalenga nyumba milioni 2.7 kabla ya mwaka 1947 kwisha. Vifaa vilikuwa haba, kwa hiyo chuma kilipatikana kwa mgao wa serikali, na aliyetaka kujenga jengo la biashara alilazimika kueleza kwa nini apewe yeye na asipewe askari asiye na paa.

Katika hali hiyo alitokea Carl Strandlund, mhandisi mzaliwa wa Sweden, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni moja ya Chicago iliyotengeneza paneli za chuma kilichopakwa enameli. Mwaka 1946 alikwenda Washington kuomba chuma, na hakwenda kuombea nyumba za kuishi. Alitaka chuma cha kujengea vituo vya mafuta, vile vituo vyeupe ving'aavyo ambavyo Wamarekani walivizoea kando ya barabara zao. Alijibiwa kwamba chuma cha vituo vya mafuta hakipo, lakini cha nyumba kingeweza kupatikana. Strandlund akarudi na wazo la nyumba iliyojengwa kwa paneli zile zile. Kila ninapoitazama nyumba ya bibi siachi kukumbuka hilo: ukuta wake ni ukuta wa kituo cha mafuta, uliogeuzwa kuwa sebule kwa sababu ya sharti la kibali.

Enameli yenyewe si rangi, ingawa huitwa hivyo. Ni kioo. Fundi husaga kioo maalumu kuwa unga, huuchanganya na maji na udongo, huupulizia juu ya bamba la chuma lililosafishwa, kisha huliingiza bamba kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 800 za Selsiasi mpaka ule unga uyeyuke na kushikana na chuma. Kinachotoka ni bamba lenye nguvu za chuma na ngozi ya kioo. Jua haliifubazi, maji hayapenyi, na uchafu huondoka kwa sabuni na kitambaa. Ni ufundi ule ule uliotuletea sahani, mabakuli na mabirika ya bati ambayo bibi zetu waliyatunza ndani ya makabati na kuyatoa wageni walipofika. Udhaifu wake pia ni ule ule: kioo hakipindi. Ukilipiga bamba kwa nguvu, au ukilitoboa kwa keekee, ngozi hubanduka, na chuma kilichobaki wazi huanza kuoza polepole kikienda chini ya ngozi iliyobaki.

Wasanifu wawili wa Chicago, Roy Burton Blass na Morris Beckman, walichora nyumba ya mfano, ikasimamishwa Hinsdale, nje ya Chicago. Kutokana na hiyo ikatokea aina iliyouzwa zaidi kuliko nyingine zote, iliyoitwa Westchester, nyumba ya ghorofa moja yenye vyumba viwili vya kulala na eneo la futi za mraba elfu moja na kitu, iliyokaa juu ya jamvi la zege bila chumba cha chini ya ardhi. Fremu yake ilikuwa ya chuma, kenchi za chuma, vigae vya paa vya chuma, kuta za nje na za ndani za chuma, dari ya chuma. Rangi za nje zilikuwa chache, zenye majina ya kuvutia wateja: buluu ya mawimbi, kijivu cha njiwa, manjano ya mahindi, na hudhurungi ya jangwani.

Serikali, kupitia shirika lake la mikopo lililojulikana kama Reconstruction Finance Corporation, ilianza kwa kuikopesha kampuni dola milioni 15.5 mwaka 1947, na kabla mambo hayajaisha deni lilikuwa limefikia dola milioni 37.5. Kwa fedha hizo Strandlund alichukua kiwanda kilichounda ndege za Curtiss-Wright wakati wa vita, kando ya uwanja wa ndege wa Columbus, jengo lenye nafasi ya futi za mraba zipatazo milioni moja chini ya paa. Akaweka mashine kubwa za kugandamiza chuma na matanuri marefu ya enameli. Nyumba moja ilikuwa na vipande takriban 3,300, na vyote vilipakiwa kwenye trela moja lililobuniwa kwa kazi hiyo tu, kwa mpangilio wa kinyumenyume, ili kile kinachotangulia kufungwa ndicho kitangulie kushuka. Trela liliachwa kiwanjani likawa ghala la mafundi mpaka likaisha. Mafundi waliozoea waliweza kuikamilisha nyumba kwa saa za kazi zipatazo 350.

Nimeyasoma maelezo ya trela lile mara nyingi, na naamini hapo ndipo akili ya watu wale inapoonekana zaidi. Aliyewahi kujenga nyumba anajua kwamba nusu ya hasara hutokea kiwanjani: saruji imenyeshewa, nondo zimepungua, fundi mabomba amekuja siku ambayo mabomba hayajafika. Hapa mtu alikaa chini akafikiria mkono wa fundi wa kijiji asichokijua, atanyoosha wapi kuchukua nini, na akapanga mzigo kwa kuufuata mkono huo.

Pamoja na akili yote hiyo, kampuni ilishindwa, na ilishindwa kwa sababu ambazo hazikuwa ndani ya ukuta. Mashine zilikuwa za gharama kubwa, kwa hiyo kiwanda kilihitaji kutoa nyumba nyingi kila siku ili kijiendeshe. Yalizungumzwa malengo ya nyumba 100 kwa siku, lakini siku zake bora zaidi kilitoa 26 hivi. Bei iliyotangazwa mwanzoni ilikuwa kama dola 7,000, na kufikia mwishoni mwa mwaka 1949 nyumba nyingi zilikuwa zimepita dola 10,000, bila kuhesabu kiwanja. Benki zilizoea kutoa mkopo wa ujenzi kidogo kidogo, msingi ukimalizika fungu moja, kuta zikisimama fungu jingine. Nyumba hii ilitoka kiwandani ikiwa imekamilika, na wakala alitakiwa kuilipia kabla haijapakiwa. Wakala mdogo wa mji mdogo angezitoa wapi dola elfu kadhaa kwa kila nyumba, huku mnunuzi wake akisubiri benki? Zaidi ya hayo, kila mji ulikuwa na kanuni zake za ujenzi, zilizoandikwa na watu waliofikiria matofali na mbao, na katika miji mingine nyumba za chuma zilikataliwa au zilicheleweshwa kwa miezi.

Siasa nazo ziliingia. Seneta Joseph McCarthy wa Wisconsin, kabla jina lake halijajulikana kwa kuwasaka wakomunisti, alipokea dola 10,000 kutoka Lustron kwa ajili ya kijitabu kuhusu makazi, na habari hiyo ilipojulikana iliipaka kampuni matope. Bungeni wakauliza kwa nini fedha nyingi za umma zimo mikononi mwa mtu mmoja ambaye nyumba zake bado hazilipi. Mwaka 1950 shirika la mikopo lilidai fedha zake, likaikamata mali, na kiwanda kikafungwa huku maelfu ya oda yakiwa hayajatimizwa. Muda si muda jengo likarudia kazi ya ndege. Strandlund aliishi hadi mwaka 1974 na hakujenga tena nyumba ya namna hiyo.

Kwa mtu anayejali uhifadhi, neno zito katika historia hii ni kufungwa kwa kiwanda. Nyumba ya tofali ikipasuka, tofali lipo. Ya mbao ikiliwa na mchwa, mbao ipo. Nyumba hizi 2,500 zilizaliwa, kisha mama yao akafa ndani ya miaka mitatu, na tangu hapo hapajatengenezwa kigae kingine cha paa lake wala paneli nyingine ya ukuta wake. Mwenye nyumba anayehitaji paneli anaweza kuipata mahali pamoja tu, katika nyumba nyingine ya Lustron.

Ndani ya nyumba ya bibi nimekaa saa nyingi, na ningependa msomaji aione. Milango ya vyumba haifunguki kuelekea ndani wala nje, bali hutelezea ukutani, ili nyumba ndogo isipoteze nafasi kwa kuzunguka kwa mlango. Kati ya jiko na pa kulia chakula kuna kabati la vyombo lenye dirisha dogo la kupitishia sahani. Chumba kikubwa cha kulala kina meza ya kujipambia yenye kioo, iliyojengwa pamoja na ukuta, makabati kushoto na kulia. Nyumba za aina hii ziliweza kuwekewa mashine moja iliyofua nguo na pia kuosha vyombo, kwa kubadilisha pipa la ndani. Ya bibi iliondolewa zamani, naye hana habari nayo. Moto wa kuipasha nyumba hutoka juu: hewa ya moto huzunguka katika nafasi iliyo juu ya dari, dari yenyewe inapata joto na kulishusha kwa waliomo. Bibi husema kwamba kichwa chake hakijawahi kuhisi baridi ndani ya nyumba ile, lakini miguu yake imevaa soksi nene kwa miaka arobaini.

Na mvua? Hilo lilikuwa swali langu la kwanza, kwa kuwa nililelewa chini ya mabati na najua mvua ya masika inavyoyakata mazungumzo ya watu wazima. Paa la Lustron halipigi kelele hivyo. Vigae ni vidogo, vimelaliana, chini yake mna nafasi na blanketi la nyuzi za kioo, kisha dari. Mvua husikika kama inayonyesha kwa jirani. Paa hilo hilo, ambalo halijabadilishwa tangu mwaka 1949, halivuji, ilhali katika mtaa wetu wenye nyumba za kawaida wamekwisha badilisha mapaa yao mara tatu au nne katika kipindi hicho.

Kuitunza kuna sheria chache ambazo wenye nyumba hizi hufundishana. Usitoboe. Fundi wa televisheni akija na keekee, msimamie mpaka aondoke. Paneli ikibanduka, safisha kutu mpaka chuma king'ae, ziba kwa lahamu ya plastiki ngumu, kisha paka rangi ya gari iliyochanganywa ilingane. Haiwezi kuwa enameli tena, kwa sababu huwezi kuingiza ukuta kwenye tanuri, lakini maji yatazuiwa. Usipake rangi ya kawaida juu ya enameli. Wengi walifanya hivyo miaka ya 1970 na 1980 kwa kuchoka kuona rangi ile ile, na rangi hiyo haishikani na kioo, inajikunja na kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua. Habari njema ni kwamba chini yake kioo bado kizima, na nimemwona kijana mmoja Indiana akitumia majira yote ya kiangazi kuvua tabaka za rangi nyeupe, mraba baada ya mraba, akiirudisha nyumba ya babu yake kwenye manjano yake ya mahindi. Maeneo yanayotia wasiwasi kweli ni ya chini, pale ukuta unapokutana na zege, hasa bustani ikipandwa karibu mno, na madirisha yake ya alumini yenye kioo kimoja, ambayo wakati wa baridi hutiririsha jasho hadi sakafuni.

Sasa nirudi kwenye kufa kwa nyumba hizi. Katika kituo cha kikosi cha wanamaji wa Marekani (Marines) cha Quantico, Virginia, palikuwa na nyumba za Lustron zipatazo 60, kundi kubwa kuliko yote nchini, zilizokaliwa na familia za askari. Mwaka 2006 jeshi lilitangaza kwamba linahitaji eneo hilo kwa nyumba mpya, na kwamba atakayetaka nyumba ya chuma atapewa bure, mradi aifungue na kuiondoa mwenyewe. Bure! Lakini waliojitokeza walikuwa wachache mno, kwa sababu kufungua vipande 3,300 bila kuvibandua, kuvipa namba, kuvisafirisha, kuvihifadhi na kuvifunga tena juu ya jamvi jipya ni gharama inayopita bei ambayo wengi wangeilipa kwa nyumba ya vyumba viwili. Karibu zote zilivunjwa. Chuma kile kilichopita kwenye tanuri la Columbus kikaenda kwenye chuma chakavu.

Arlington, jirani na jiji la Washington, hali ilikuwa ileile kwa njia ya polepole. Kiwanja kilipopanda bei, nyumba ya futi elfu moja ikageuka kuwa kizuizi, na moja baada ya nyingine zikabomolewa ili zipishe majumba makubwa yanayojaza kiwanja. Moja iliokolewa. Ilifunguliwa kipande kwa kipande mwaka 2006, mwaka 2008 ikaonyeshwa katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, na mwaka 2013 ikasimamishwa ndani ya jumba la historia la Ohio, hapa mjini ilikozaliwa. Nimeingia humo. Wageni waliruhusiwa kufungua makabati na kukaa kwenye viti, na watoto walipenda milango inayoteleza. Nilifurahi, na pia nilihuzunika, kwani hapakuwa na mvua iliyoipiga nyumba ile, wala harufu ya kitunguu ndani ya jiko lake.

Wapo wanaosema kwamba orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria inatosha kuzilinda. Zilipotimiza miaka 50, umri ambao kwa kawaida jengo huanza kufikiriwa kwa orodha hiyo, Lustron kadhaa ziliingizwa. Lakini orodha hiyo haimzuii mwenye nyumba binafsi kuibomoa kwa fedha zake mwenyewe. Ni heshima, na heshima haisimami mbele ya buldoza.

Kwa sisi tuliotoka Afrika, suala la nyumba zinazofunguliwa na kuchukuliwa lina maumivu yake. Mhandisi Mfaransa Jean Prouvé alitengeneza nyumba tatu za mfano za chuma na alumini kwa ajili ya makoloni ya Ufaransa, moja ikapelekwa Niamey mwaka 1949 na mbili Brazzaville mwaka 1951. Zilikuwa ghali na hazikuzalishwa zaidi. Zilikaliwa, zikachakaa, vita vya Brazzaville vikaziachia matundu ya risasi, mpaka mfanyabiashara wa Paris alipozifuata, akazinunua, akazifungua na kuzirudisha Ufaransa. Mwaka 2007 moja iliyotoka Brazzaville iliuzwa kwenye mnada New York kwa karibu dola milioni 5. Ni kweli kwamba zimehifadhiwa. Anayeishi Brazzaville leo na kutaka kuiona nyumba iliyosimama mtaani kwake kwa nusu karne hawezi kuiona, na mimi siwezi kuuita uhifadhi huo kamili.

Uingereza ilikwenda njia nyingine. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, wazalishaji wake wa chuma walijenga nyumba za fremu ya chuma zilizosanifiwa na Frederick Gibberd, zinazojulikana kwa kifupi kama BISF, zaidi ya 30,000. Nyingi zinakaliwa hadi leo. Nyingine zimefunikwa kwa kuta mpya za kuzuia baridi kiasi kwamba mpita njia hawezi kujua kuna chuma ndani, na wapenzi wa majengo hulalamika. Mimi nashindwa kulalamika sana, maana ndani mna watu wanaopika, wanaolala, na nyumba inaendelea na kazi iliyojengewa.

Ndiyo maana nasema kazi ya uhifadhi imeelekezwa pasipo mahali pake. Tumetumia nguvu nyingi kutafuta rangi inayolingana na buluu ya mawimbi, na nguvu kidogo kumtafuta mnunuzi anayefuata. Lustron inalindwa na mtu anayekubali kuishi katika vyumba viwili juu ya kiwanja kinachoweza kubeba vitano, na mtu huyo anahitaji benki itakayomkopesha, bima itakayoielewa nyumba yake, na mji utakaomruhusu kuongeza chumba kwa nyuma badala ya kumlazimisha achague kati ya kubana na kubomoa. Lustron yenye chumba kilichoongezwa nyuma kwa mbao imepoteza kitu, nakubali. Iliyofanywa chuma chakavu imepoteza vyote.

Bibi jirani yangu hupokea barua za wanunuzi kila mwezi. Barua zote husifu mtaa, na hakuna hata moja inayoitaja nyumba.

Mwezi uliopita aliniita nimsaidie kupanga gereji. Nyuma ya ngazi, zimefungwa kwa mablanketi ya zamani, palikuwa na paneli tisa ambazo marehemu mumewe alizichukua miaka mingi nyuma kutoka nyumba iliyokuwa ikivunjwa upande wa pili wa mji. Nyuma ya kila moja alikuwa ameandika kwa chaki: kaskazini, safu ya tatu, mashariki, chini ya dirisha. Tulitoa moja nje. Ilikuwa na vumbi jeusi la miongo na utando wa buibui. Niliigonga kwa kifundo cha kidole, ikalia mlio mfupi, mkavu, mlio wa kikombe kinapowekwa mezani. Nilichukua ndoo, sabuni na kitambaa, nikaiosha pale pale kwenye nyasi, kisha nikaiinua na kuishika sambamba na ukuta, karibu na lile doa la mlangoni. Buluu ilikuwa ile ile, na sikuweza kuona tofauti ya nyumba iliyokaliwa na nyumba iliyovunjwa.

Nilimuuliza kama tuondoe paneli yenye doa tuweke hii. Aliitazama kwa muda, akasema hapana, doa lile haliendi popote, yeye huliziba kila masika. Alinitaka nizirudishe zote kwenye mablanketi, na nisizifute zile chaki, kwa sababu atakayeichukua nyumba baada yake atazihitaji kuliko yeye.